Maswali ya wasomaji: Sakafu isiyoganda

SWALI: Mhariri, tumepanga bohari lililokuwa kiwanda cha pipi hapa Jinja. Fundi alimwaga sakafu kwenye chumba cha kupikia. Leo siku ya 4, ukiikwaruza kwa ukucha inatoka unga. Anadai saruji ni feki, ila chumba cha pili kilichomwagwa kwa saruji ya duka lilelile kimekuwa jiwe. Na kwa nini paa lina meno kama msumeno? – Mpangaji, Jinja

JIBU: Chumba cha pili kimeshamjibu fundi: saruji si feki, tatizo ni sukari iliyozama kwenye sakafu ya zamani chini ya hiyo mpya. Viwanda vilichipua Jinja baada ya bwawa la umeme la Owen Falls kufunguliwa 1954, na sukari ya Kakira ilikuwa jirani. Pipi ngumu hupikwa hadi nyuzi 150 hivi. Kila sufuria ikifurika, shira huishia sakafuni. Tazameni karibu na mtaro: zege la zamani limeliwa, kokoto zimebaki wazi, rangi kama chai ya rangi. Sukari huzivaa chembe za saruji zisishikane. Kwa mfuko wa kilo 50, gramu 100 tu zinatosha kuvuruga kazi yote.

Hakikisheni hivi. Mwageni maji kidogo kwenye sakafu ya zamani, yalale hapo, asubuhi myakusanye. Kandeni donge moja la saruji kwa maji hayo, jingine kwa maji safi. Baada ya saa 24 mtaona: la maji safi likiwa gumu na la maji ya sakafuni likibaki laini, ni sukari.

Ng'oeni sakafu mpya yote. Gongeni ya zamani kwa nyundo na chimbeni panapolia kama debe. Sugueni kwa maji ya moto, mara 3, na kila mara myafyonze upesi kwa matambara. Yakiachwa yatuame, sukari inazama tena. Hata hivyo msiiamini sakafu hiyo. Tandikeni nailoni nzito, maungio yapandane sentimita 30, kisha mwage zege la milimita 75 juu yake, lisigusane na la chini. Tindikali msitumie: inakula zege, sukari inabaki.

Paa la msumeno ni mchoro wa Ulaya. Kule kioo cha kila jino hutazama kaskazini, mwanga uingie ila jua lisiingie. Jinja iko karibu na ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini na linapiga kioo hichohicho. Chumba cha pipi kikiwa hivyo, pipi zinanata kabla ya kufungwa. Mkikuta vioo vimepakwa chokaa, si uchafu, ni ya kuzuia jua. Msiikwangue kabla ya kuamua mtahifadhi nini humo.