Mfadhili Aliyekulipia Semina Ameleta Itifaki: Utoke Nje

Wiki iliyopita daktari kijana, aliyeteuliwa hivi karibuni kuingia katika kamati ya maadili ya utafiti hapa Dodoma, aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Kampuni iliyonilipia semina Arusha imeleta kwetu itifaki ya jaribio la dawa, yaani mpango wake wa utafiti. Je, naweza kuijadili? Sikupokea rushwa." Marahaba, kijana wangu, na hongera kwa kuuliza mapema, maana wengi huuliza baada ya posho kusainiwa.

Kwamba hukupokea rushwa nakuamini, lakini hilo halimalizi jambo. Mgongano wa maslahi, yaani faida au fadhila binafsi kuvutana na wajibu, humpata hata mtu mwaminifu, na namfahamu mmoja aliyepatwa nao: mimi. Mfadhili mmoja aliwahi kunilipia nauli na malazi ya mkutano, na baadaye itifaki yake ikaletwa mezani kwangu. Katika fomu ya ridhaa, aya ya fidia ilisema kwamba mshiriki atakayedhurika "atasaidiwa kadiri itakavyowezekana". Aya kama hiyo ingetoka kwa mwingine ningeipiga mstari mwekundu palepale. Safari hii nilijikuta naitafutia udhuru, nikikumbuka jinsi wenyeji wangu walivyonikirimu. Niliifunga, nikamwandikia mwenyekiti barua, na siku ya kikao nikatoka nje.

Nikiwa koridoni nilisikia wakicheka. Tangu siku hiyo baadhi yao wakaniita "Mtakatifu", mialiko ya semina ikakatika, na mjumbe mwingine ambaye najua alisafiri kwa fedha zilezile alibaki ndani akachangia mjadala kwa sauti kubwa. Sitaki kujifanya nimesahau. Hata hivyo, kama ingekuwa leo, ningetoka tena.

Wanaodhani haya ni makuu ya wasomi wamkumbuke Jesse Gelsinger, kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 18, aliyefariki mwaka 1999 katika jaribio la tiba ya jeni kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania. James Wilson, aliyeongoza taasisi iliyoendesha jaribio hilo, alikuwa mwanzilishi wa Genovo, kampuni ya tiba ya jeni, na chuo chenyewe kilikuwa na hisa humo. Si lazima tuseme fedha ndizo zilizomuua; inatosha kwamba baada ya kifo kile kila uamuzi wa watafiti ulitazamwa kwa shaka. Kwa hatari kama hizo, Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa Chama cha Madaktari Duniani uliopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka mshiriki aelezwe chanzo cha fedha za utafiti na maslahi ya watafiti. Mama wa Chamwino anayeweka dole gumba kwenye fomu hana namna ya kujua nani alimlipia nani hoteli. Anatutegemea sisi, na tunapaswa kuona aibu kumficha.

Basi mwandikie mwenyekiti kabla ya kikao, ukitaja aliyekulipia, alilipia nini na lini, kisha uombe iingie kwenye kumbukumbu. Itifaki mrudishie katibu bila kuisoma. Toka wakati wa mjadala, si wakati wa kura tu, kwa kuwa kura hufuata mjadala. Wakikuhitaji kitaalamu, jibu ulichoulizwa kisha uondoke. Na kampuni hiyo ikikualika tena, tangaza upya, hata katibu akikwambia kwamba ulikwishatangaza mwaka jana.