iPod ndani ya dashibodi: anza na umeme

Ndugu yangu, umesema unataka kuifunga iPod Classic, kile kicheza muziki cha Apple, kwenye dashibodi ya Toyota yako, ila ukiichaji huku unaendesha unasikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Mluzi huo ni wa altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, na mara nyingi huingia kwa sababu chaja na redio zimefungwa ethi (waya hasi unaoshikwa kwenye chuma cha gari) sehemu tofauti. Zirudishe zote kwenye skrubu moja ya bodi ya gari, ukikwangua rangi hadi chuma kionekane.

Gari lina volti 12, iPod inataka 5, kwa hiyo weka kipunguza volti na fyuzi. Chukua umeme kwenye waya unaokatika ukizima swichi, la sivyo utaikuta betri ya gari imekwisha asubuhi.

Kirusha FM, kile kifaa cha kutuma sauti ya iPod kwenye redio kwa mawimbi, achana nacho, hasa kama redio ni ile ya Japani inayoishia 90 MHz, maana haifikii masafa mengi ya kirusha. Tumia tundu la AUX, lile la kuchomeka waya wa sauti kwenye redio.

Na tafadhali sana, usiizike iPod kwenye dashibodi kwa kudumu. Ndani yake kuna diski inayozunguka, na Apple wenyewe walitaka isihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 45. Gari lililoegeshwa juani hupita hapo upesi. Yangu nimeiweka kwenye droo ya dashibodi, natoka nayo kila nikishuka.