Kuhusu hilo neno clann ulilouliza

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu. Yule bibi unayemhudumia hapo Galway, Ireland, anayetoka Connemara kule wanakoongea Kiairishi, alikuuliza kama una clann, wewe ukajua anaulizia ukoo, ile clan ya Kiingereza, ukamwambia ninao tena mkubwa, watu kama sitini hivi, bibi wa watu akafanya ishara ya msalaba. Afu nesi mwenzio ndo akakwambia alikuwa anaulizia watoto. Sasa unataka kujua imekuaje neno la ukoo likawa neno la watoto, na umeniuliza mimi kwa vile seminari tulisomeshwa Kilatini. Umefanya vizuri sana mama, maana kwenye hilo neno Kilatini kimo, tena ndo mzizi wenyewe.

Kwanza ujue si ukoo uliogeuka ukawa watoto, ni kinyume chake. Clann tangu zamani kwa Waairishi ni watoto wa mtu, uzao wake. Ndo maana hadi leo mwanamke mjamzito wanasema yuko ag iompar clainne, yaani amebeba watoto. Familia nzima ya nyumbani ina neno lake jingine, teaghlach, ambalo ndani yake kuna nyumba na kundi la watu. Ule ukoo ulioujua wewe umetokana na Uskoti, kule jamaa walijiita kwa jina la babu yao, Clann Dòmhnaill, watoto wa Dòmhnall, hata kama babu mwenyewe amekufa miaka mia tatu iliyopita, basi Waingereza wakalisikia wakalichukua likiwa na maana hiyo ya kundi kubwa, na sisi tukalipata shuleni kwa Kiingereza.

Sasa huko nyuma zaidi. Kwa Kilatini neno lilikuwa planta, na planta ni chipukizi, kile kitawi au mche unaoukata kwa mama ukaupande pengine. Vergilius, mshairi wa Roma wa karne ya 1 kabla ya Kristo, kwenye shairi lake la kilimo anamweleza mkulima anayekata planta kwenye mwili laini wa mama zao na kuzipanda mitaroni. Mwili wa mama, ndivyo alivyoandika! Nilipofika mstari huo darasani nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba nikakiona kibanja cha babu yako kabisa, na babu yako na jembe anatenganisha watoto wa mgomba na mama yao. Na planta hiyohiyo kwa Kilatini ni unyayo pia, wewe nesi unalijua hilo, yale maumivu ya chini ya mguu mnayaita plantari, na wataalamu wengi wanaona huo unyayo na kupanda ni kitu kimoja kwa sababu mche ukishauweka unaushindilia udongo kwa mguu.

Utauliza P imeenda wapi. Hapo ndo patamu. Waairishi wa zamani hawakuwa na sauti ya P, ilipotea kwenye ulimi wa mababu zao zamani mno, we angalia, Kilatini baba ni pater wao athair, samaki ni piscis wao iasc. Hata maandishi yao ya kale, yale yanayoitwa ogham, ya mistari waliyochonga kwenye mawe, hayakuwa na herufi ya P. Basi Ukristo ulipoingia mnamo karne ya 5 ukaja na maneno ya Kilatini, wakayashika na sauti iliyokuwa karibu na P, ile kw ya kuviringa midomo, baadaye ikabaki K tupu. Pascha ikawa Cáisc, ndo Pasaka yao hadi leo, purpura ile rangi ya zambarau ikawa corcra, planta ikawa cland halafu clann. Ni kama bibi yako alivyoita redio ledio maisha yake yote na tukamwelewa. Majirani zao wa Wales wao P waliikuza vizuri, kwao watoto wanaitwa plant mpaka leo. Baadaye Waairishi nao wakaizoea P, ndo wakapata póg, busu, kutoka pacem, amani, maana Wakristo walipeana amani kanisani kwa busu.

Lakini mwanangu kuna kitu kinaniuma kwenye historia ya neno hili nataka ukijue maana unaishi na watu hao. Planta iliingia Ireland mara mbili. Mara ya kwanza ikawa mtoto. Mara ya pili ilikuja na Waingereza ikawa plandáil, kupandikizwa kwa walowezi, kuanzia mwaka 1609 kule Ulster, jimbo la kaskazini, ardhi iliyonyang'anywa wenyeji ikagawiwa watu walioletwa kutoka Uingereza na Uskoti. Neno moja, mche mmoja, kwanza ni mwana wa nyumbani kisha ni mgeni anayekaa kwenye shamba lako. Sisi tuliokulia nchi yenye mashamba ya walowezi hilo hatuhitaji kuelezwa sana. Ukimsikia bibi yako huyo wa Connemara anazungumzia ardhi kwa uchungu msikilize tu taratibu.

Na siku ukienda Dublin pita ile bustani ya kumbukumbu pale Parnell Square, kuna sanamu ya Clann Lir, iliwekwa 1971, aliichonga Oisín Kelly. Ni hadithi yao ya kale, watoto wa Lir waligeuzwa batamaji na mama yao wa kambo kwa miaka 900. Wako wanne tu, hapo ndo utaona clann si ukoo wa watu sitini. Nipigie picha.

Kilichonishangaza zaidi lakini ni hiki, sisi mgomba ukitoa machipukizi tunasema una watoto, wao mtu akipata watoto wakasema ana machipukizi, hatukukutana popote, kila mmoja alisimama shambani kwake akaona kitu kilekile.

Basi bibi akikuuliza tena mwambie tá beirt agam, ninao wawili. Na ule mgomba uliouotesha kabla hujaondoka, karibu na choo cha zamani, umeshazaa ndizi tukaukata na umeacha watoto watatu. Mmoja nimeuhamishia mbele ya dirisha la chumba chako, nimeushindilia mwenyewe kwa mguu.

Baba yako