London–New York: kwa nini kilomita hazilingani na saa za tiketi

Mkuu, umechukua kilomita kama 5,540 za uwanja wa Heathrow, London, hadi JFK, New York, ukagawa kwa mwendo wa 900 kwa saa, ukapata saa 6 na dakika kidogo. Tiketi inasema saa 8 kwenda na 7 kurudi, sasa unauliza nani anadanganya. Hakuna anayedanganya. Njia hiyo naipita kikazi mara kwa mara, na hesabu yako iko sawa kabisa kama hewa ingekuwa imetulia.

Haitulii. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ndipo unapokuwa mkali zaidi. Ile 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa. Hewa yenyewe ikiwa inakimbia, mwendo juu ya ardhi unapanda au unashuka. Ukisafiri Januari tazama skrini ya kiti: kwenda New York nimeona ikisoma 750 hivi, kurudi ikapita 1,100, na ndege ni ya aina ileile. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikigusa zaidi ya 1,300 kwa saa. Haikuvunja mwendo wa sauti, maana ndani ya hewa ilikuwa inakwenda kawaida yake.

Kwa hiyo marubani hawang'ang'anii mstari mfupi. Njia za kuvuka Atlantiki hupangwa upya kila siku kwa kufuata upepo: wanaokwenda mashariki wanautafuta, wanaokwenda magharibi wanaukwepa, hata kama kilomita zitaongezeka.

Halafu saa za tiketi zinaanza ndege inapoondoka getini na kuisha inapoegeshwa. Humo mna foleni ya kuruka (jioni New York ndege za Ulaya zinaondoka karibu kwa pamoja), mna kuzungushwa angani kabla ya kutua Heathrow, na mna dakika ambazo shirika limejiwekea akiba ili lisihesabiwe limechelewa. Ndiyo maana rubani anaweza kutangaza mmefika mapema wakati mliondoka mmechelewa.

Saa za kuondoka na kufika kwenye tiketi ni za mji husika. New York iko nyuma ya London kwa saa 5. Ukiondoka London saa 5 asubuhi ukafika saa 8 mchana, ni saa 3 za ukutani jumlisha 5, yaani 8. Kurudi unatoa. Angalia Machi tu: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili, Uingereza Jumapili ya mwisho, kwa hiyo katikati hapo tofauti ni 4. Mwisho wa Oktoba kuna wiki nyingine kama hiyo.

Kama unaunganisha ndege, achana na vikokotoo vya umbali. Chukua namba ya ndege yako, ingia kwenye tovuti za kufuatilia ndege, uone wiki mbili zilizopita ilifika getini saa ngapi. Panga kwa ile siku iliyochelewa zaidi, usipange kwa wastani.