Fundi Anajibu: Oveni inazima nikiachia swichi

SWALI: Fundi, habari za kazi? Naoka keki za oda hapa Kirumba. Oveni yangu ya gesi inawaka nikiwa nimebonyeza swichi. Nikiachia tu, moto unazima. Nimeambiwa ninunue jiko jipya. Ni kweli?

JIBU: Mama, usitoe hela ya jiko kwanza. Naishuku thamokapo, kile kijiti cha chuma ambacho ncha yake inakaa ndani ya moto, chenye mkia mwembamba wa shaba. Kikipata joto kinatoa umeme kidogo sana, na huo ndio unaoshikilia vali wazi. Kikichoka, vali inafunga gesi. Inakulinda, kwa hiyo asije mtu akakushauri uiondoe!

Funga mtungi, jiko lipoe, sugua ncha kwa msasa laini. Juzi nilifungua la mteja Igoma, ncha imeganda masizi na mafuta ya sangara. Tulisugua tu, likashika.

Lako likigoma, fundi akitoe kifaa chenyewe uende nacho dukani. Kutaja jina la jiko hakutoshi: linganisha cha zamani na kipya, urefu wa mkia pamoja na nati iliyo mwishoni mwake. Kikishafungwa, pakeni povu la sabuni kwenye maungio ya gesi yaliyoguswa. Mkiona mapovu yanavimba, fungeni mtungi hapo hapo.