Daktari kaandika, mfamasia anauliza nini tena?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu anatumia warfarin kwa sababu ya moyo. Juzi jino lilimvimba, daktari wa meno akamwandikia metronidazole. Dirishani mfamasia akatuhoji kama polisi, akapiga simu, tukasubiri karibu saa nzima, kisha tukapewa dawa nyingine. Kama daktari kaandika, yeye ni nani wa kubadilisha?
Binti mwenye hasira

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kukaa benchini na mama anayeugulia jino si mchezo. Ila ile simu ilimfaa mama kuliko vidonge alivyoandikiwa.

Warfarin huzuia damu kuganda. Metronidazole hulizuia ini kuivunja warfarin, kwa hiyo inajaa mwilini ingawa mama hajaongeza hata kidonge. Baada ya siku chache fizi zinaweza kutoa damu, mkojo ukawa mwekundu, au, tunaloliogopa zaidi, damu ikavujia kwenye ubongo.

Tena hakubadilisha yeye. Alimuuliza aliyeandika, na aliyeandika ndiye akabadilisha. Huenda daktari wa meno hakujua habari za warfarin. Mtu akienda kwa jino hutaja jino, moyo haumjii akilini.

Nami karatasi ikinifikia nasoma jina na umri. Mtoto namuulizia na uzito. Nauliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, maana aliyevimba uso kwa penisilini simpi amoxicillin, ambayo ni ya ukoo huohuo. Figo, ujauzito, dawa nyingine anazotumia, vyote nauliza. Methotrexate ya ugonjwa wa viungo ndiyo naisoma mara mbili: humezwa mara moja kwa wiki. Kalamu ikiteleza ikaandika "kila siku", uboho unaharibika na mgonjwa anaweza kufa. Hapo ninuniwe, nitukanwe, sitoi mpaka nimpate daktari.

Kwa ile saa nzima niko upande wako. Wangewaambia tu wanamsubiri nani.

Sasa mwandikie mama dawa zake zote kwenye karatasi moja, na za mitishamba pia, akae nayo kwenye mkoba. Jino likimsumbua, usimpe diclofenac wala ibuprofen, kwani pamoja na warfarin zinaweza kumtoa damu tumboni. Warfarin asiiache mwenyewe. Na piga simu kliniki yake ya moyo uulize apime INR, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, lini, maana hata hiyo dawa mpya inaweza kuipandisha.