Ufaulu wa asilimia 90 na kiwango cha kumaliza kidato cha nne

Swali: Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya kata wilayani Ukerewe. Shule imetangaza ufaulu wa asilimia 90 katika mtihani wa kidato cha nne, lakini wazazi wanalalamika kwamba watoto wengi walioanza kidato cha kwanza hawakuufikia mtihani huo. Tukokotoeje kiwango cha wanaomaliza?

Jibu: Ndugu mjumbe, wazazi wana hoja, na shule nayo haijasema uongo. Ufaulu huhesabiwa kwa watahiniwa waliofanya mtihani, hivyo aliyeacha shule akiwa kidato cha pili hayumo kabisa katika hesabu hiyo. Kiwango cha kumaliza huanzia nyuma zaidi, kwenye rejista ya uandikishaji ya kidato cha kwanza.

Chukueni idadi ya walioandikishwa mwaka huo, ongezeni waliohamia, kisha toeni waliohama na waliofariki. Tuseme walianza 200, wakahamia 10, wakahama 30, na hakuna aliyefariki: kundi ni la wanafunzi 180. Ikiwa waliofanya mtihani ni 120 na waliofaulu ni 108, ufaulu ni asilimia 90, ilhali waliofika mwisho ni takriban asilimia 67 ya kundi, na waliofika mwisho wakafaulu ni asilimia 60.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Ugumu uko kwa hao 30 waliohama. Katika visiwa vyetu familia hufuata dagaa kutoka mwalo mmoja hadi mwingine, na mtoto asipoonekana darasani kwa muda, mbele ya jina lake huandikwa "amehama" pasipo kutajwa shule aliyokwenda. Kila jina la namna hiyo linapotolewa, kiwango hupanda ingawa hakuna mtoto wa ziada aliyemaliza. Mwombeni mkuu wa shule awaonyeshe, kwa kila aliyehama, barua ya uhamisho au uthibitisho kwamba amepokelewa kwingine kwa namba yake ya PREM (namba ya utambulisho wa mwanafunzi). Wakikosa uthibitisho wanafunzi 20 kati ya hao 30, warudisheni kwenye hesabu: kundi linakuwa 200, na waliofika mwisho wanashuka hadi asilimia 60. Hapa msikubali kukadiria.

Wanaokariri kidato cha pili baada ya upimaji wa taifa wahesabiwe na kundi waliloanza nalo, hata wakimaliza mwaka mmoja baadaye. Vivyo hivyo msichana aliyerejea baada ya kujifungua, kama Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unavyoruhusu.

Wavulana na wasichana watengeni, kwa sababu anayevutwa na kambi ya uvuvi na anayekatizwa na ujauzito hawasaidiwi kwa njia moja. Majina yasiyo na uthibitisho wapelekeeni watendaji wa vijiji kabla ya kikao cha bodi, maana wao wana nafasi nzuri ya kujua familia ilihamia mwalo gani.